Mkulima wa Shamba la Ghoshal

Wanaume wote wa kijiji chetu cha Kashbheri walikuwa wakulima, na wote riziki yao ilitoka kwenye manyoya ya bata. Hakuna aliyeona ajabu. Asubuhi mtu alikaa barazani kwake na gunia, akatenga manyoya ya bawa la kushoto na ya bawa la kulia, akayakata sawasawa, akayachomeka kwenye kizibo moja moja mpaka kikatoka kinyoya cha kuchezea badminton. Jioni wakala alipita na baiskeli kuchukua mzigo. Mtu huyohuyo ukimuuliza kazi yake, alikujibu kifua mbele kwamba yeye ni mkulima, mtoto wa mkulima, na ukoo wao haujawahi kuwa kitu kingine. Ukimtazama kwa jicho la kuuliza, alinyoosha kidole kuelekea mashambani. Huko, kwenye tope, alikuwako mkewe.

Khiroda Koley alikuwa mmoja wa wake hao. Aliletwa Kashbheri akiwa msichana, kutoka ng'ambo ya mto Damodar, na wiki ya harusi yake haikuwa imekwisha mama mkwe alipomwamsha alfajiri na kumkabidhi kikapu. Miguuni bado alikuwa na ile rangi nyekundu ya bibi harusi. Tope likaifuta siku hiyohiyo. Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwonyesha kitalu, akamwonyesha namna ya kupandikiza miche bila kuivunja mizizi, akamwonyesha jaruba lipi hushika maji na lipi huyapoteza, kisha akamwacha afanye makosa yake mwenyewe. Kupalilia, kuvuna, kupura, kupepeta, kuchemsha mpunga na kuuanika, yote alijifunza kwa kumfuata bibi huyo. Bibi alipofariki, cheti chake cha kifo kilisema alikuwa mama wa nyumbani. Khiroda hajui kusoma, alisomewa na binti yake Jhuma, kisha akakikunja na kukirudisha kwenye sanduku.

Lakini sheria ya kwetu ilikuwa wazi. Mwanamke hagusi plau. Wazee walisema akiigusa mvua inanuna, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kujaribu. Sasa, kwa kuwa kulima ni kushika plau, anayelima ni mwanamume. Yale mengine yote, tangu kitalu mpaka chungu, yanaitwa kusaidia. Nimai, mume wa Khiroda, alikuwa akishika plau nyuma ya ng'ombe wa kukodi asubuhi mbili tatu kabla ya kila msimu, akarudi, akanawa miguu, akakaa na manyoya yake, na kwa kazi hiyo akawa mkulima mpaka msimu mwingine. Baadaye ng'ombe waliuzwa, ikaja pawatila, plau ya injini, ya kukodi na dereva wake. Nimai akawa anakwenda kusimama kwenye kingo na sigara ya bidi mdomoni, anamwonyesha dereva kwa kidole. Baadaye tena hata kidole akaona ni kazi. Khiroda akawa anamwita dereva mwenyewe na kumpikia chai. Jina la mkulima lakini lilibaki kwa Nimai, kama jina la ukoo linavyobaki.

Na Nimai alikuwa na sababu ya kuling'ang'ania, tusimwonee. Shamba lenyewe halikuwa lao. Lilikuwa la akina Ghoshal, watu wa tabaka la juu waliohamia Kolkata zamani, na baba yake Nimai alililima kwa kugawana mavuno. Enzi za bendera nyekundu, wakomunisti walipotawala, serikali ilimwandikisha, ikampa karatasi: mradi analima yeye mwenyewe na kumpa mwenye shamba fungu lake, hakuna wa kumtoa, na akifa haki inakwenda kwa mwanawe. Mzee alikuwa akiitoa karatasi hiyo siku za sikukuu na kuitazama tu. Ikaja kwa Nimai.

Halafu akatokea Tapas Ghoshal, mpwa wa wenye shamba, kijana wa pikipiki na miwani ya jua. Barabara ilikuwa imesogea karibu na lile shamba, na Tapas alikuwa na mtu anayetaka kujenga ghala hapo. Kilichomzuia ni karatasi ya Nimai. Njia ya kuivunja ilikuwa moja: kuonyesha kwamba Nimai halimi. Basi Tapas akawa haishi kuja Kashbheri. Alikunywa chai kwenye kibanda cha pembeni mwa mashamba, akapita barazani kwa Nimai, akakaa bila kukaribishwa, akatazama manyoya. Kadiri alivyotazama, ndivyo Nimai alivyozidi kuwa mkulima kwa mdomo.

Khiroda alilipenda shamba lile. Mchele wa mwaka mzima ulitoka hapo, hilo ni moja. Lakini hata bila mchele angelipenda, kwa sababu nyumbani alikuwa mke wa mtu na mama wa mtu na mkwe wa watu, na shambani alikuwa Khiroda. Alijua kuwa likienda hatapata jingine maishani. Jina la Tapas likitajwa tu, alitafuta sababu ya kwenda kulitazama.

Sensa ya mwaka 2001 iliiletea Kashbheri Mwalimu Sirajul Mallick, wa shule yetu ya msingi, akiwa na mkoba wa serikali begani na kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa ya akiba. Serikali yetu ikitaka kujua idadi ya watu wake huwaomba walimu, na walimu hulalamika, na huenda. Alifika kwa akina Koley mwishoni mwa Februari, asubuhi. Nimai alikuwa barazani na gunia lake. Tapas Ghoshal alikuwa hapo pia, kwenye kigoda, anakula bisi za mchele za watu.

Mwalimu aliuliza majina, umri, nani anajua kusoma. Halafu akauliza kazi kuu, ile ambayo mtu anaifanya zaidi ya nusu ya mwaka.

"Kilimo," Nimai alisema. "Andika kilimo, Mwalimu. Kwani kuna kingine?"

Nyoya jeupe lilikuwa limemnasa kwenye nyusi. Mwalimu alilitazama muda mrefu kidogo.

"Na haya manyoya?"

"Ya kupitisha wakati."

"Una wakati mwingi kweli, kaka Nimai," Tapas alisema, akajichotea bisi nyingine.

Mwalimu aliandika. Hakuwa na ruhusa ya kuandika anachokiona, aliandika anachoambiwa. Kisha akauliza kuhusu shemeji, na wakati huohuo Khiroda akaingia uani kutoka shambani na mzigo wa magugu ya mbuzi kichwani, tope likiwa limemfika magotini.

"Huyu yuko nyumbani tu," Nimai alisema.

Kalamu ilisimama. Mwalimu aliitazama ile miguu, na Khiroda akaona kwamba anaitazama. Neno lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi. Lakini Tapas naye alikuwa amegeuza shingo, anangoja, na Khiroda alielewa vizuri kabisa anangoja nini. Akalimeza. Akapita na magugu yake akaenda kwa mbuzi, na nyuma yake alisikia kalamu ikitembea tena.

Lile "nyumbani tu" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Angeweza kusema hakujali, na wanawake wengi wangesema hivyo, lakini alijali na lilimuuma. Alikumbuka cheti cha mama mkwe. Alipokuwa akimpakulia mumewe wali wa kiporo uliolowekwa, na pilipili na kitunguu pembeni, alimuuliza bila kumtazama.

"Baba Jhuma, mimi niko nyumbani tu?"

"Aa, maneno ya serikali hayo. Unayaweka moyoni?" Nimai alitafuna kitunguu. "Ulitaka nimpe Ghoshal shamba kwa mdomo wangu mwenyewe? Si ulimwona alivyokaa?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomchoma Khiroda zaidi. Mtu mwongo mwenye haki hana pa kushikwa. Aliosha vyombo, na siku chache zilizofuata alikwenda shambani na kurudi kama kawaida. Ila Jhuma aliona kwamba mama yake haimbi akipepeta mchele.

Maji ya mashamba yetu yanatoka kwenye kisima cha pampu, kwa zamu. Zamu ya akina Koley ilifika siku moja mwanzoni mwa Machi. Mwenye pampu alipiga kelele kutoka barabarani, kama anavyofanya kwa kila nyumba, na Nimai alingoja kusikia kikapu na koleo vikichukuliwa. Hakusikia kitu. Alipogeuka alimkuta mkewe ameketi upande wa pili wa baraza, gunia la manyoya mbele yake, anatenga kushoto na kulia.

"Maji yamefika," Nimai alisema.

"Nimesikia. Nenda, mkulima."

"Mama Jhuma, acha utani. Maji hayangoji."

"Hayangoji kweli. Mimi niko nyumbani tu."

Nimai alimtazama, akatazama barabara, akachukua koleo. Wapita njia walisema baadaye kwamba alitembea kama mtu anayekwenda kumposea mwenzake. Tatizo halikuwa kutembea. Tatizo lilikuwa kwamba katika miaka ambayo hakukanyaga huko, Khiroda na jirani yake Malati walikuwa wamehamisha kingo mbili ili maji yapite vizuri, na hakuna aliyekumbuka kumweleza, maana hakuna aliyefikiri atahitaji kujua. Nimai alifungua kingo mahali pale alipofungua baba yake. Maji yakaingia kwa kishindo kwenye vitunguu vya Malati.

Malati ni mwanamke ambaye sauti yake haihitaji simu. Alimtaja Nimai, akamtaja baba yake Nimai, akauliza mbele ya majaruba yote kama huyu mkulima mashuhuri amekuja kulima au kuvua samaki. Wanawake waliokuwa wanapalilia walisimama wima kumtazama. Kwenye kibanda cha chai Tapas Ghoshal aliweka kikombe chini, akaja taratibu juu ya kingo akiwa amekunja suruali. Na kama vile siku haijajaa, Mwalimu Sirajul alikuwa anapita na baiskeli na mkoba wake, kwa sababu zile zilikuwa siku za marudio, za kuzunguka tena kuuliza nani amezaliwa na nani amekufa baada ya hesabu.

Khiroda alisikia sauti ya Malati kutoka nyumbani. Alikuwa amekusudia kukaa. Aliyaacha manyoya yakipeperuka uani, akakimbia. Alipofika aliingia majini hadi mapajani bila kumtazama mtu, akaziba kingo kwa matope, mikono na miguu kwa pamoja, akaenda juu kidogo akapasua pengine, na maji yakageuka. Nimai alikuwa bado amesimama na koleo lake.

"Mwalimu," Tapas alisema, "wewe ni shahidi. Mtu hajui shamba lake linapoanzia. Uliandika mkulima, si ndiyo? Kafute."

"Mimi siandikishi mashahidi, naandikisha watu," Mwalimu alijibu. "Na nilichoandika hakitoki kwenye mkoba huu, hata aje hakimu."

"Sawa. Tumuulize mwenyewe basi. Kaka Nimai, nani analima hapa?"

Nimai aliitazama pampu. Kisha akaitazama mikono yake. Khiroda alimtazama mumewe na alimhurumia, hilo alikiri baadaye. Hakuwa amepanga afikishwe hapo. Lakini aliona pia kwamba kimya kile kikiendelea, shamba linaondoka hapohapo. Alikuwa anakumbuka kitu kimoja tu cha karatasi ile, maneno ambayo baba mkwe alikuwa akiyarudia siku za sikukuu: mimi au watu wa nyumba yangu. Hakujua kama yameandikwa kweli au mzee aliyatia chumvi.

"Mimi," alisema.

Tapas alicheka. "Mmesikia wote?"

"Wasikie. Nalima mimi, tangu nilipoletwa hapa, na kabla yangu alilima mama yake. Nenda ofisi ya ardhi, bwana mdogo. Waambie Nimai halimi, analima mkewe. Halafu uwaulize mke wa Nimai ni mtu wa nyumba ya nani."

"Mwanamke hashiki plau, shemeji. Hilo hata mtoto anajua."

"Plau ameishika dereva wa pawatila. Mpe yeye shamba basi."

Malati aliangua kicheko, na kicheko kikaenda kutoka jaruba hadi jaruba. Tapas aliikunjua suruali yake, akasema wataonana ofisini, na akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, jambo ambalo kwenye kingo yenye utelezi si rahisi.

Kilichofuata ndicho ambacho Khiroda hakukitarajia. Nimai aliweka koleo chini, akamsogelea Mwalimu, na akasema akiwa anatazama miguu yake: "Andika anavyosema. Yeye mkulima. Mimi manyoya." Sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa mwanamume wa ukoo wa Koley kusema hivyo hadharani, ni kama kuvua nguo. Khiroda alitamani kumshika mkono, na kwetu mke hamshiki mumewe mkono mbele za watu, kwa hiyo alikwenda kuitazama kingo yake.

Mwalimu alifungua mkoba palepale. Hajamaliza kufuta, Malati akauliza: na yeye je? Naye yuko nyumbani tu? Na aliyekuwa jaruba la pili akauliza, na wa tatu. Mwalimu aliwaeleza kwamba kila mmoja atamfuata kwake. Aliwafuata kweli, mpaka jua likazama, nyumba kwa nyumba. Na wanaume, ambao sasa habari ilikuwa imewatangulia na aibu ya kwanza ilikuwa imembwagikia Nimai peke yake, walisema manyoya, manyoya, manyoya. Wengine walisema kama wanaotua mzigo. Mmoja tu alishikilia kilimo, na mkewe alimtazama hivi, naye akakohoa na kubadili.

Tapas hakuwa mtu wa maneno matupu. Malalamiko yalifika ofisi ya ardhi, na Khiroda akaishi na hofu msimu mzima. Alipalilia mpunga bila kujua kama atauvuna. Alikonda. Usemi wake wote ulikuwa umesimama juu ya maneno ya mzee aliyekufa, na mara nyingi alijilaumu kwa kufungua mdomo. Nimai hakumlaumu hata mara moja, na alianza kwenda shambani jioni, akasimama kingoni, akauliza hiki ni nini na kile ni nini. Alikuwa mwanafunzi mzito.

Ofisa alikuja baada ya mavuno, na mwavuli, mtu mwenye haraka ya chakula cha mchana. Aliitazama karatasi, akamuuliza Malati, akamuuliza mwenye kibanda cha chai, akamuuliza Khiroda anapanda mbegu gani na nani anambebea mavuno. Kisha akamwambia Tapas kwamba mkono wa mke ni mkono wa nyumba, na mkono wa nyumba ni mkono wa mwenye karatasi. Akaandika kwamba Nimai Koley analima shamba lake mwenyewe, akapiga muhuri, akauliza kama kuna samaki.

Kwa hiyo shamba likabaki, na kwenye karatasi ya ardhi mkulima akabaki Nimai. Khiroda alisomewa na Jhuma, na safari hii alicheka. Alisema wachukue jina, wamwachie tope. Na kule kwenye mkoba wa Mwalimu, alijua, kulikuwa na karatasi nyingine iliyosema tofauti, na hiyo ilimtosha kulala usingizi.

Miaka ilipita kama inavyopita. Jhuma aliolewa huko Bagnan. Barabara iliwekwa lami, vibanda vikawa maduka, duka la simu likafunguliwa mkabala na kisima cha pampu, na nyumba zikasogeleana mpaka mbuzi hana pa kupita. Tapas alipata shamba jingine la kujengea ghala, akanenepa, na akikutana na Khiroda humsalimia kwanza. Nimai macho yalianza kumsumbua kwa kukodolea manyoya. Kashbheri ilibaki chini ya baraza lilelile la kijiji, na mwenyekiti yuleyule aliyekuwa anaahidi mifereji.

Sensa nyingine ilipokuja, mwaka 2011, mkoba alipewa tena Mwalimu Sirajul, sasa ana mvi na anakaribia kustaafu. Khiroda alikuwa shambani anajazia miche pale ilipokufa. Mwalimu aliegemeza baiskeli kwenye mti, akavua viatu, akaja kusimama kwenye kingo.

"Shemeji, una habari? Tumekuwa mji."

Khiroda alidhani ni utani. Aliuliza mji upi.

"Huu. Karatasi zangu zote zimeandikwa mji. Makao makuu wameamua."

"Mwenyekiti hajasema kitu."

"Mwenyekiti hana habari, na hakuna kitakachobadilika kwake. Baraza ni la kijiji vilevile. Ni kwenye vitabu vya sensa tu ndiko tumekuwa mji."

Swali la kwanza la Khiroda lilikuwa shamba. Mwalimu alimhakikishia kwamba karatasi ya shamba haijaguswa, na hakuna atakayeigusa kwa sababu hii. Hapo akapumua, akanyoosha mgongo, na ndipo udadisi ukamjia. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Mpunga ulikuwa kijani mpaka kwenye minazi ya mbali. Wanawake walikuwa wameinama kila mahali. Akauliza, wamejuaje kwamba ni mji?

Mwalimu alimweleza. Kuna kipimo. Watu wafike elfu tano, na Kashbheri walikuwa wamefika. Wakae kwa kubanana, na hilo mbuzi ni shahidi. Na la mwisho, katika kila wanaume wanne wenye kazi, watatu wawe hawafanyi kilimo. Walichukua hesabu ile ya zamani, ya siku ile ya vitunguu, wakaongeza watu waliozaliwa, na Kashbheri ikapita.

"Wanaume," Khiroda alisema.

"Wanaume."

"Na wanawake?"

"Kwenye kipimo hicho wanawake hawaingizwi."

Khiroda alikaa na jibu hilo mkononi pamoja na miche. Mwalimu alitazama pembeni, kama mtu aliyeleta habari ya msiba kwenye nyumba isiyo yake.

"Kwa hiyo hata wanawake wote wa hapa wawe wakulima..."

"Ni mji vilevile."

"Na siku ile baba Jhuma na wenzake wangeshikilia kilimo?"

"Wangeshikilia kilimo, tungebaki kijiji mpaka leo."

Malati, upande wa pili wa kingo, alikuwa ameacha kazi anasikiliza. Khiroda hakukasirika, au kama alikasirika haikuonekana. Alikuwa anaifuata ile njia kutoka mwanzo mpaka mwisho, kutoka kwenye "nyumbani tu" hadi kwenye zile karatasi, kama anavyoyafuata maji kujua yanakovujia.

"Basi Mwalimu, mji huu nimeuleta mimi," alisema. "Na mimi simo."

Mwalimu alianza kusema kwamba yumo, kwa jina lake, yeye na kazi yake, kwamba hilo hakuna wa kulifuta. Akaona linavyosikika, akaacha. Upepo ulileta nyoya moja jeupe kutoka barazani kwa mtu, likatua juu ya maji.

Akafungua mkoba, akatoa kalamu, na kwa kuwa alikuwa amekwishafika hapo akaona aanze na yeye.

"Kazi kuu, shemeji, zaidi ya nusu ya mwaka?"

Khiroda alikuwa ameshainama.

"Unaiona," alisema.

Mwalimu aliandika akiwa amesimama kingoni, miguu mitupu, kisha akangoja afike mwisho wa mstari wa miche ili amuulize umri.